BIRTWISTLE: HISTORIA NA MTAWANYIKO WA JINA MOJA ADIMU LA KIINGEREZA

1. UTANGULIZI

Mwanaisimu aliyejishughulisha na mawasiliano yasiyotumia maneno hakosi kukutana na jina la Ray L. Birdwhistell (1918-1994), mwanaanthropolojia wa Marekani ambaye mwaka 1952 alitoa kitabu chake cha kwanza juu ya uchunguzi wa miondoko ya mwili, akajaribu kuigawa miondoko hiyo katika vipashio kama vile mwanaisimu anavyogawa sauti na mofimu. Naye mpenzi wa muziki wa kisasa wa Ulaya hakosi kulisikia jina la Harrison Birtwistle, mtunzi wa Kiingereza aliyezaliwa Accrington mwaka 1934 na kufariki mwaka 2022. Majina haya mawili ni jina moja. Ni adimu hata huko kwao Uingereza, na kila anayejua Kiingereza kidogo hudhani kwamba amekwisha kulifahamu kwa kulitazama tu: "bird" ni ndege, "whistle" ni mluzi, basi yamkini babu wa watu hawa alikuwa hodari wa kupiga mluzi kama ndege. Inapendeza zaidi kwamba mmoja wao alikuwa mtunzi wa muziki, na mwingine bingwa wa ishara zisizo maneno.

Maelezo hayo ni mazuri, ila si ya kweli. Jina hili halina mluzi ndani yake. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya jina lenyewe, mabadiliko ya sauti na tahajia yaliyolipata, na namna lilivyotawanyika kutoka mahali padogo pa kaskazini ya Uingereza. Lakini shabaha yetu si kulichambua jina moja kwa ajili ya jina hilo tu. Tunataka kuuliza swali ambalo kila mchunguzi wa majina hana budi kuliuliza: jina la ukoo ni shahidi wa nini? Ni shahidi wa mahali, wa lugha, au wa damu? Tutaona kwamba kwa mambo mawili ya kwanza jina ni shahidi mwema, alimradi anayelihoji anajua kuhoji. Kwa jambo la tatu, ushahidi wake wahitaji kupimwa kwa hadhari kubwa.

2. MAJINA YA UKOO KATIKA UINGEREZA

Kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, Waingereza kwa desturi walitumia jina moja tu kwa mtu mmoja, wakaongeza lakabu pale ilipohitajika. Jina la kurithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto lilianza kukita mizizi baada ya uvamizi huo, kwanza miongoni mwa mabwana wenye ardhi, kisha miongoni mwa watu wa mijini, na hatimaye miongoni mwa wakulima. Desturi hii haikuenea kwa kasi moja. Kusini ya nchi ilikuwa imeshika sana kufikia mwisho wa karne ya 14; kaskazini ilichelewa. Richard McKinley, katika uchunguzi wake wa majina ya Lancashire uliotolewa mwaka 1981, ameonyesha jinsi jimbo hilo lilivyokuwa nyuma ya majimbo ya kusini katika jambo hili.

Wataalamu huyagawa majina hayo katika mafungu manne: yale yatokanayo na jina la baba, yale ya kazi, yale ya lakabu, na yale ya mahali. Jina letu ni la fungu la nne, na fungu hili lina tabia moja ambayo msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki ataielewa upesi. Mtu wa kawaida hakuitwa "wa Birtwistle" angali anakaa Birtwistle, maana hapo kila mtu alikuwa wa Birtwistle, na jina lisingemtenga na jirani yake. Aliitwa hivyo na watu wa mahali alipohamia. Ni vivyo hivyo kwa nisba zetu: anayeitwa al-Lamuy huitwa hivyo zaidi akiwa nje ya Lamu. Yaani jina la mahali, tangu siku ya kuzaliwa kwake, ni jina la safari. Ubaguzi uliopo ni wa mwenye ardhi, ambaye aliweza kuitwa kwa jina la shamba lake hali amekaa ndani yake.

Mchunguzi wa majina ya Kiingereza ana bahati ya kuwa na maandishi mengi. Kuna orodha za kodi ya kichwa za miaka ya 1377, 1379 na 1381. Kuna madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko ambayo kila parokia iliamriwa kuyaweka tangu mwaka 1538. Kuna uandikishaji wa serikali wa vizazi na vifo ulioanza mwaka 1837. Na kuna sensa za karne ya 19, ambazo ile ya mwaka 1881 ndiyo imetumiwa zaidi na wachoraji wa ramani za majina. Henry Brougham Guppy, aliyetoa kitabu chake juu ya makao ya majina ya ukoo mwaka 1890, hakuwa na njia ya kuihesabu nchi nzima. Akachagua kuwahesabu wakulima peke yao, kwa hoja kwamba wao ndio wasiohamahama kuliko watu wote. Hoja hiyo ina busara ndani yake, na tutairudia.

3. KIJIJI KILICHOTOWEKA NA NENO LILILOKUFA

Birtwistle palikuwa mahali katika eneo la Hapton, karibu na mji mdogo wa Padiham, mashariki ya Lancashire. Leo mtu akisafiri kutoka Burnley kwenda Accrington atapita Hapton, lakini hataliona jina la Birtwistle katika kibao cha njia. Kijiji hicho kimetoweka. Hatima ya namna hii si ngeni katika Uingereza: vitongoji vingi vilivyotajwa katika hati za kale vilimezwa na mashamba makubwa, na malisho, na mbuga za mabwana za kufugia kulungu. Hapton penyewe palikuwa na mbuga kubwa ya namna hiyo, mali ya ukoo wa Towneley. Mahali pamekwisha, jina limebaki. Na limebaki kwa watu, si kwa ardhi.

Eilert Ekwall, mtaalamu wa Kiswidi ambaye mwaka 1922 alitoa kitabu juu ya majina ya mahali ya Lancashire, ameweka msingi wa uchunguzi wa majina ya sehemu hizi. Jina letu lina sehemu mbili, zote za Kiingereza cha Kale. Ya kwanza ni "bridd", ambalo halikuwa na maana ya ndege yeyote, bali kinda la ndege. Ndege kwa jumla aliitwa "fugol", neno ambalo siku hizi limebaki katika umbo la "fowl" na kubanwa kwenye maana ya kuku na jamaa zake. Maneno haya mawili yamebadilishana nafasi: lile la kinda limepanuka likawa la ndege wote, na lile la ndege wote limepunguka. Jina la kijiji lilitungwa kabla mabadiliko hayo hayajatimia, na kwa hiyo linahifadhi maana ya kale.

Sehemu ya pili ni "twisla". Maana yake ni panda: mahali ambapo kitu kimoja hugawanyika kuwa viwili au viwili huungana kuwa kimoja, na hasa mahali pa kukutana mito au vijito. Mzizi wake ni ule ule wa maneno ya Kiingereza yenye dhana ya uwili, kama "two" na "twin". Kijerumani kinalo hata leo: "Zwiesel" ni panda, na mji wa Zwiesel katika Bavaria umejengwa hasa mahali ambapo mito miwili huungana na kufanya mto Schwarzer Regen. Katika Kiingereza neno hili limekufa. Halisemwi, na mtu wa kawaida halijui. Limebaki kama kisukuku katika majina ya mahali, na hasa hapa hapa mashariki ya Lancashire na kando kando yake: Oswaldtwistle, panda ya mtu aliyeitwa Oswald, Entwistle, kaskazini ya Bolton, Extwistle, karibu na Burnley, na Tintwistle, kuelekea Derbyshire. Ni nchi ya vilima na vijito vingi vinavyoteremka kuingia katika mito kama Calder, na wenyeji wa kale walihitaji neno la kutaja kila mahali ambapo vijito viwili vilikutana.

Basi Birtwistle maana yake ni "panda ya vijito penye makinda ya ndege". Ndege wamo, ni kweli; lakini mluzi haumo.

4. SAFARI YA SAUTI NA YA TAHAJIA

Mwanaisimu atapendezwa zaidi na njia iliyopitiwa kutoka "bridd-twisla" mpaka Birdwhistell, kwa sababu kila hatua yake inaeleweka.

Hatua ya kwanza ni kubadilishana nafasi kwa sauti. "Bridd" iligeuka "bird": r na irabu zilipishana. Jambo hili limetokea katika maneno mengi ya Kiingereza, kama vile "third", ambalo lilitokana na "thridda", na "horse", lililotokana na "hros". Hatua ya pili ni usilimisho. Sauti d, iliyo ghuna, ilijikuta mbele ya t, isiyo ghuna, ikapoteza ughuna wake na kumezwa. Ndipo yalipopatikana maumbo kama Birtwisle, ambamo t moja inafanya kazi ya konsonanti mbili.

Hapa ndipo hatari ilipoingia. Maadamu t hiyo ni moja, msikilizaji hana njia ya kujua ni ya silabi gani. Mwenye kulijua neno "twisla" huikata kauli hivi: Bir-twisle. Asiyelijua huikata hivi: Birt-wisle. Neno lilipokufa, wa kukata kwa njia ya kwanza waliadimika, na wa kukata kwa njia ya pili wakabaki na kipande "wisle" kisichokuwa na maana kwao.

Hatua ya tatu ni ya kalamu, wala si ya ulimi. Kiingereza kina maneno mengi yaishayo na "-stle" ambayo t yake haitamkwi: "castle", "thistle", "whistle". Kwa mfano wa hayo, waandishi walipachika t katika "-twisle" ikawa "-twistle", ingawa hapakuwahi kuwa na t mahali hapo. Watu wa jina la Entwistle wangali wamegawanyika katika jambo hili. Wapo wanaoandika Entwisle bila t, na hao ndio walio karibu zaidi na asili. Hatua ya nne ni h. Katika sehemu kubwa ya Uingereza tofauti ya matamshi baina ya "w" na "wh" ilikwisha kupotea. Kwa hiyo mwandishi aliyesikia "wistle" hakuwa na kizuizi cha kuandika "whistle". Neno lisilo na maana likapewa maana. Hatua ya mwisho ni kuirudisha d ya "bird", kwani palipo na mluzi lazima awepo mpigaji wake.

Huu ndio mwenendo ambao wanaisimu huuita fasiri ya umma: wasemaji, wakikutana na umbo wasilolifahamu, hulivuta kwenye maneno wanayoyajua. Si kosa la ujinga. Ni kazi ya kawaida ya akili ya msemaji, ambaye hapendi kubeba sauti tupu. Mji wa Haltwhistle, mbali huko Northumberland kando ya mto Tyne ya Kusini, umepatwa na mkasa huo huo: sehemu yake ya pili ni "twisla" pia, na leo huandikwa kana kwamba ni mluzi. Nasi tunao mwenendo huu. Wapo wanaolifasiri jina la Mvita kwa neno "vita", na wapo wanaolitokanisha na Shehe Mvita, mwasisi wa mji kwa mujibu wa mapokeo. Mchunguzi hana ruhusa ya kuchagua fasiri kwa utamu wake.

5. MTAWANYIKO WA JINA

Ramani yoyote ya majina ya Uingereza itaonyesha jambo moja waziwazi kuhusu Birtwistle: limeshikamana na Lancashire, na ndani ya Lancashire limeshikamana na mashariki yake, katika miji ya Burnley, Padiham, Accrington, Great Harwood na Blackburn. Yaani baada ya karne nyingi wengi wa wenye jina hili wangali wanakaa mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka mahali lilipozaliwa. Ukoo mmoja wenye ardhi ulikaa Huncoat, jirani kabisa na Hapton, kwa karne kadhaa. Mtunzi Harrison Birtwistle alizaliwa Accrington, kilomita chache kutoka kwenye kijiji kilichotoweka. Na kutoka mwaka 2010 hadi 2015 mbunge wa Burnley, jimbo la uchaguzi ambalo Hapton imo ndani yake, alikuwa Gordon Birtwistle.

Kwa nini halikutawanyika zaidi? Jibu la Guppy lingekuwa kwamba wakulima hawahami. Lakini watu wa Lancashire mashariki hawakubaki wakulima. Karne ya 18 na ya 19 zilikuwa za pamba, na miji tuliyoitaja ni miji ya ufumaji. Hapa twaona jambo linalokwenda kinyume na mazoea yetu ya kufikiri. Tumezoea kusema kwamba viwanda huwang'oa watu katika makao yao. Mahali pengine ndivyo ilivyokuwa. Lakini kwa mtu aliyezaliwa karibu na Burnley au Blackburn, kiwanda kilimfuata nyumbani. Hakuwa na haja ya kuhama ili apate kazi. Alishuka bondeni tu. Viwanda viliwavuta wageni kutoka mbali, na papo hapo vikawazuia wenyeji wasiende mbali. Majina ya huko yakaongezeka hapo hapo yalipozaliwa. Njaa ya pamba ya miaka ya 1861 hadi 1865, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe katika Marekani vilipozuia pamba isifike, ilivunja maisha ya wengi katika miji hiyo. Hata hivyo kiini cha jina kilibaki mahali pake.

Waliotoka, basi, ni wachache, na kila aliyetoka ana sababu yake. Mfano ulio bora ni wa upande wa mashariki. Ng'ambo ya vilima vya Pennine, katika wilaya ya Craven ya Yorkshire, tunaukuta ukoo wa Birtwhistle wa Skipton, ambao sasa umevaa h. Hawa walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa ng'ombe katika karne ya 18. Walinunua ng'ombe huko Uskoti, wakawaswaga kwa miguu mamia ya kilomita mpaka malisho ya Malham, wakawanenepesha na kuwauza katika miji ya Uingereza. Thomas Hurtley, mwenyeji wa Malham, katika kitabu chake cha mwaka 1786 ameueleza uwanja mmoja wa malisho wa ekari 732, uitwao Great Close, ambao Bwana Birtwhistle aliukodi kwa miaka mingi na ambamo mara kwa mara walionekana ng'ombe 5,000 wa Kiskoti kwa wakati mmoja.

Biashara hiyo ndiyo iliyolivusha jina mpaka. Ukoo uliokuwa ukipita Uskoti kwa ajili ya ng'ombe ulitambua mito ya huko na nguvu ya maji yake. Na katika miaka ya 1780 Birtwhistle na wanawe walianzisha viwanda vya pamba katika mji mdogo wa Gatehouse of Fleet, kusini-magharibi ya Uskoti. Msomaji anayeliona jina la Kilancashire katika hati za Galloway asikimbilie kudhani kwamba ni jina la huko. Limefika kwa kwato za ng'ombe.

Upande wa pili ni ng'ambo ya bahari. Katika Marekani umbo lililoshika ni Birdwhistell, na jimbo linalojulikana zaidi kwa jina hili ni Kentucky. Ray Birdwhistell mwenyewe alizaliwa Cincinnati, Ohio, mji unaotazamana na Kentucky ng'ambo ya mto. Tuangalie tahajia: d imerudi, h imeingia, na mwisho wake umekuwa "-ell". Hili ndilo umbo lililo mbali kabisa na asili, nalo limepatikana mbali kabisa na asili.

Tukiziweka tahajia hizi tatu juu ya ramani moja, twapata somo. Birtwistle iko Lancashire, katika nchi ya akina Oswaldtwistle, Entwistle na Extwistle. Hapo neno "twisla" halijulikani maana, lakini umbo lake linasikika kila siku katika majina ya jirani; mwandishi wa parokia aliyesikia jina hilo alikuwa na mfano wa kulishika. Birtwhistle imekolea zaidi ng'ambo ya vilima, ambako majirani hao hawapo. Birdwhistell iko ng'ambo ya Atlantiki, ambako hapakuwa na mtu wa kusahihisha. Si kanuni isiyovunjwa, kwa kuwa waandishi wa zamani waliandika walivyosikia, na mtu mmoja aliweza kuandikwa kwa njia tatu katika maisha yake. Hata hivyo mwelekeo ni dhahiri: kadiri jina linavyotengwa na ndugu zake wa lugha, ndivyo fasiri ya umma inavyolishika. Tahajia, ambayo wachoraji wengi wa ramani huiona kuwa usumbufu wa kusawazishwa, kumbe ni sehemu ya ushahidi.

6. KUISHI NA KUFA KWA MAJINA

Pengine msomaji atauliza: ikiwa vijiji hivi vyote viliitwa kwa "twisla", kwa nini Entwistle ni jina lenye watu wengi, Birtwistle ni adimu, na Extwistle karibu halisikiki? Je, watu wa Entwistle walikuwa bora?

Swali hili liliwashughulisha watu wa karne ya 19, waliokuwa wakitazama jinsi nyumba za mabwana zinavyozimika moja baada ya nyingine. Francis Galton alilitangaza mwaka 1873 kama fumbo la hesabu, na Henry William Watson akalishughulikia. Matokeo yao yalitolewa mwaka 1874. Hoja yao, tukiiondolea hesabu zake, ni hii. Jina la ukoo hupita kwa wana wa kiume tu. Katika kila kizazi wapo wanaume wasiokuwa na mwana wa kiume, na jina kwa upande wao hukoma. Jina lililoanza na mtu mmoja linaweza kuzimika kwa bahati tu, pasipo njaa, tauni wala vita; na lililobahatika kupita vizazi vichache vya mwanzo hupata nafasi ya kusitawi. Kwa hiyo uadimu wa jina si dalili ya unyonge wa watu wake, wala wingi si dalili ya ubora. McKinley naye ameonyesha kwamba katika Lancashire majina machache ya mahali yaliongezeka mno katika maeneo yao, huku mengine yaliyoanza sawa nayo yakipotea.

7. JINA NA DAMU

Tumefika kwenye swali gumu. Ikiwa kijiji kilikuwa kimoja, je, watu wote wa jina la Birtwistle ni wa babu mmoja?

Si lazima. Kijiji kimoja kiliweza kutoa watu wawili au watatu wasio na udugu, kila mmoja akahamia upande wake na kuitwa kwa jina lile lile. Tena jina liliweza kupita kwa njia nyingine zisizo za damu: mtoto wa kulea, mtoto wa nje ya ndoa aliyechukua jina la mama yake, mrithi aliyebadili jina ili apate shamba. Hati haziyaonyeshi yote.

Siku hizi wataalamu wa urithi wa viumbe wana kipimo kingine, kwa kuwa kromosomu ya Y hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana wa kiume, kama jina lenyewe. Mwaka 2000 Bryan Sykes na mwenzake walitoa matokeo ya kuwapima wanaume wa jina la Sykes, jina la Yorkshire lenye maana ya kijito. Kwa kuwa vijito viko kila mahali, asili ya neno ingetufanya tutarajie waasisi wengi. Lakini karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na alama moja, dalili ya mwasisi mmoja. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walitoa uchunguzi wa majina 40 na wanaume 1,678. Waliona kwamba kadiri jina linavyokuwa adimu, ndivyo wenye jina hilo wanavyoelekea kushiriki ukoo mmoja wa kiume. Ilhali majina yaliyoenea sana, kama Smith, hayaonyeshi umoja huo.

Hayo yaweza kumfanya mtu aamini kwamba jina adimu ni cheti cha damu. Lakini wachunguzi wa Leicester hao hao, mwaka 2007, walikuwa wametoa habari nyingine inayotuhusu kwa karibu. Mwanamume mmoja Mwingereza, asiyejua asili nyingine ila ya Uingereza, alionekana kuwa na kromosomu ya Y ya tawi lililojulikana kuwa la Kiafrika tu, na ulinganisho ulielekeza kwenye Afrika ya Magharibi. Jina lake lilikuwa adimu, la mashariki ya Yorkshire. Walipotafutwa wanaume wengine 18 wenye jina hilo, 7 kati yao walikuwa na kromosomu hiyo hiyo, na hati ziliwaunganisha katika nasaba mbili ambazo mababu zao waliishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Wengine 11, wenye jina lile lile, hawakuwa nayo.

Mfano huu unafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, jina la Kiingereza halisi, lenye makao yake katika ramani na lisilo na shaka kwa mwanaisimu, liliweza kubebwa na uzao wa Mwafrika kwa vizazi vingi pasipo mtu kujua. Pili, wote hao ni wa jina hilo kwa haki sawa. Hakuna aliye mwenye jina zaidi ya mwenzake. Jina lilikuwa kweli, na habari za asili ambazo mtu angezikisia kwa jina hilo hazikuwa kweli. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba fulani ni Mwingereza safi kwa kuwa jina lake ni la kijiji fulani, tumjibu kwamba jina ni la kijiji. Mtu ni habari nyingine.

8. HITIMISHO

Tulianza na mluzi wa ndege, tukafika kwenye panda ya vijito. Jina la Birtwistle limehifadhi mahali ambapo ardhi imepasahau, neno ambalo lugha imelisahau, na maana ya kale ya "bridd" ambayo Kiingereza cha leo kimeiacha. Mtawanyiko wake unaeleza habari za ng'ombe wa Uskoti, pamba ya Lancashire na uhamiaji wa Marekani. Yote hayo tumeyapata kwa kulisoma jina pamoja na hati, ramani na kanuni za sauti. Tungelisoma kwa masikio ya leo tu, tungeishia kwenye mluzi.

Kwa wachunguzi wa Kiswahili funzo ni la karibu. Katika Thenashara Taifa za Mombasa wamo Washaka, Wamtwapa na Wakilifi, watu wanaobeba majina ya miji waliyotoka; na Shaka na Mtwapa ya kale leo ni magofu na masimulizi. Wamo pia katika pwani nzima watu wenye nisba za Shirazi na kwingineko, ambazo zimezua ubishi mrefu juu ya asili ya Waswahili. Mara nyingi ubishi huo umeendeshwa kana kwamba jina likithibitishwa, damu imethibitishwa, na jina likikanushwa, mtu amekanushwa. Birtwistle na majirani zake wa Yorkshire wanatuonyesha kwamba hizo ni hesabu mbili mbalimbali. Jina lina historia yake, na watu wanaolibeba wana yao. Kazi ya mchunguzi ni kuzifuata zote mbili, kila moja kwa ushahidi unaoihusu.